Jicho la Mtambo na Dhamana ya Mtu

Mnunuzi wa chungu hachukui chungu sokoni kabla ya kukigonga. Hukishika kwa mkono mmoja, akakipiga kwa kidole cha mkono wa pili, akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti kama ya kikohozi. Muuzaji naye hukaa kimya akingoja hukumu, maana ajua kwamba maneno yake yote mazuri hayana nguvu mbele ya sauti ile moja. Kutazama, kugonga, kusikiliza na kuamua, yote hayo hutendeka baina ya watu wawili wanaoonana uso kwa uso, na chungu kikiwa katikati yao.

Sasa, ewe msomaji, inua macho utazame juu. Kama waisoma insha hii darasani, aghalabu juu ya kichwa chako pana mabati. Nani aliyeyagonga hayo? Bati hilo zamani lilikuwa sehemu ya utepe mrefu wa chuma uliozungushwa ukawa koili. Yamkini koili ile ilitoka ng'ambo, ikateremshwa Kilindini, kisha ikatiwa zinki na kukunjwa migongo katika kiwanda cha nchi hii. Aliyeufanya utepe ule hakukuona, wala wewe humjui. Watu waliotengwa na bahari hawawezi kugonga chungu pamoja. Basi ilibidi litafutwe jicho la kusimama kati yao, na katika viwanda vingi vikubwa vya siku hizi jicho hilo si la mtu tena. Ni la mtambo. Nataka tuulizane swali moja tu: jicho la mtambo likiisha kuona kila kitu, mtu amebaki na dhamana gani?

Kwanza na tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu hukumu juu ya jambo lisilojulikana ni maneno matupu.

Pande la chuma lenye unene wa milimita 200 na zaidi hutiwa katika tanuri mpaka joto lake likafikia nyuzi 1200 hivi za Selsiasi. Kisha hupitishwa baina ya rola nzito, jozi baada ya jozi, na kila jozi hulibana likawa jembamba zaidi na refu zaidi, hata mwisho likabaki na unene wa milimita 2 au 3. Chukua kalamu ufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 7.85. Koili yenye uzito wa tani 20, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 2, ikifumuliwa hupata urefu wa zaidi ya kilomita moja. Utepe huo waweza kutoka katika rola za mwisho kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Mwaka 2009 Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na ulimwengu ukashika kinywa. Utepe wa chuma hupita umbali ule ule kwa chini ya sekunde 7, nao bado ni mwekundu kwa moto, umevaa mvuke na matone ya maji, na una pande mbili za kutazamwa, juu na chini.

Katika mbio hizo yapo mambo mengi yanayoweza kuuharibu uso wa chuma. Magamba yanayotokea chuma kinapokutana na hewa kikiwa cha moto huweza kubanwa na rola yakazama ndani. Takataka iliyobaki katika chuma tangu kilipokuwa uji huweza kujitokeza juu. Pana vishimo, pana mabaka, pana nyufa nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui, pana mikwaruzo iliyoletwa na kitu kigumu kilichoguswa njiani. Rola ikiwa na jeraha, huupiga utepe muhuri wa jeraha lile kila inapomaliza mzunguko, hata aonaye alama hizo zikifuatana kwa masafa sawa aweza kujua ni rola gani iliyougua.

Hapo zamani kazi ya kuzitafuta ila hizi ilikuwa ya watu. Walikuwa wakikata kipande cha mwisho wa koili wakakikagua, au wakiufumua utepe polepole chini ya taa kali na kukaza macho. Ilikuwa kazi ya ustadi, nayo ilikuwa kazi ya mateso. Jaribu mwenyewe kukodolea macho ukuta mweupe unaopita mbele yako kwa saa nne, ukitafuta alama ndogo kuliko ukucha ambayo huenda isitokee kamwe. Baada ya muda jicho huwa wazi lakini haliko kazini. Si uvivu wala si uovu. Ndivyo mwanadamu alivyoumbwa. Hukesha vizuri anapotarajia jambo, hulala akiwa macho pasipo la kutarajia.

Mtambo hauna udhaifu huo. Kamera zake si kama zile za kupigia picha za harusi. Kila moja huona mstari mmoja tu mwembamba unaokatiza upana wa utepe, nayo huupiga picha mstari huo maelfu ya mara kwa sekunde. Chuma kinapokwenda, mistari huungana ikawa picha moja ndefu, kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka. Taa nazo hupangwa kwa hila. Nyingine huwekwa hivi kwamba mwanga wake huruka juu ya chuma ukaingia moja kwa moja katika kamera, na hapo uso wote hung'aa na doa likaonekana jeusi. Nyingine hutupa mwanga wake kwa pembeni. Chuma chote kikawa giza, na mkwaruzo peke yake ukamulika kama uzi wa fedha. Mama anayeinamisha sahani dirishani ili aone kama imetakata hutumia elimu ile ile.

Lakini picha si hukumu. Tone la maji nalo huonekana kama doa, na mafuta nayo hufanana na baka. Kwa hiyo kompyuta lazima ifundishwe kupambanua, na jinsi inavyofundishwa yafaa tuitie moyoni. Haipewi sheria tu, hupewa mifano. Watu huketi wakatazama picha nyingi, wakaandika kwenye kila moja: huu ni mkwaruzo, hili ni gamba, hapa hapana kitu. Katika Chuo Kikuu cha Kaskazini-Mashariki mjini Shenyang, Uchina, wataalamu walikusanya picha 1800 za nyuso za chuma, wakazigawa katika aina 6 za ila, picha 300 kwa kila aina, na wanafunzi wa elimu hii duniani kote wamezitumia kupimia programu zao. Mwaka 2019 kampuni ya chuma ya Urusi iitwayo Severstal ilitangaza mashindano yenye zawadi ya dola 120,000 kwa watakaoandika programu za kuonyesha ila mahali zilipo, ikawapa washindani picha zaidi ya 12,000 zilizokwisha kutiwa alama. Zimetiwa alama na nani? Na macho ya watu. Mtambo usiochoka umesomeshwa na watu wanaochoka, na mahali waliposhuku, shaka yao imefundishwa kama yakini.

Hapa twafika penye kiini cha swali letu, nami nitaomba msaada wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina majina kadha ya upungufu wa kitu: ila, dosari, kasoro, walakini. Litazame neno kasoro. Ndilo lile tunalolitumia katika kutaja saa: saa tatu kasoro dakika tano. Haliwezi kusimama peke yake. Sharti iwepo saa tatu kwanza, ndipo dakika tano zipungue. Na walakini je? Hilo asili yake ni neno la kuunganishia maneno. Tusemapo kwamba kitu kina walakini, maana yake sifa zake zilikuwa zikienda vizuri hata ikatokea "lakini" ikazikatiza. Wazee waliotuachia maneno haya walijua jambo ambalo mtambo haulijui, ya kuwa kasoro haimo katika kitu peke yake. Imo baina ya kitu na ahadi iliyotolewa juu ya kitu hicho.

Chuma ni shahidi mzuri. Mkwaruzo mwembamba juu ya bamba litakalokuwa mlango wa gari ni aibu, kwa kuwa rangi haitauficha, itautangaza. Mkwaruzo ule ule juu ya chuma kitakachofukiwa ndani ya zege si kitu. Chembe ya takataka isiyoonekana vizuri kwa macho haidhuru katika kizingiti cha ghala, bali katika bati la kopo la chakula, ambalo unene wake ni kama milimita 0.2, chembe hiyo hiyo yaweza kulipasua bati linapovutwa kufanywa kopo. Kamera huona alama. Kwamba alama hiyo ni kasoro au si kasoro, hilo huamuliwa na mtu aliyeketi mezani na kuandika: alama ya urefu huu ipite, ya urefu huu izuiwe.

Tena mtu huyo hawezi kulikwepa jambo moja gumu. Akiuamuru mtambo uwe mkali, utazuia ila nyingi, lakini utazuia na matone ya maji, na chuma kizima kitatupwa pamoja na kibovu. Akiuamuru uwe mpole, chuma kizima hakitaonewa, lakini kibovu kitapenya. Kukosa kwa upande mmoja hupunguzwa kwa kuongeza kukosa kwa upande wa pili, isipokuwa mtambo wenyewe ufanywe bora, na hata ukifanywa bora mpaka fulani wa uamuzi hubaki pale pale. Waweza kusema kwamba hili ni suala la hesabu tu. Mimi nakataa. Angalia nani anayelipa. Chuma kizima kikizuiwa, hasara huandikwa siku ile ile katika vitabu vya kiwanda, na meneja huiona. Kibovu kikipenya, hasara huenda kwa mtu asiyekuwapo, aliye mbali, asiyejua hata kwamba mpaka uliwekwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hatuhitaji kumdhania ubaya mwenye kiwanda ili kuliona hilo. Yatosha kwamba hasara yake ina sauti na hasara ya wengine ni bubu. Kwa hiyo nasema kwamba awekaye mpaka huo ana wajibu wa kuwasemea wasiokuwapo, na wajibu huo hauwezi kutiwa katika programu, kwa sababu mtambo hufuata mpaka wowote uliopewa kwa utii ule ule.

Najua wapo watakaonipinga, nao wana haki yao. Watasema: jicho la mtambo halipokei hongo, halina ndugu katika zamu ya usiku wa kumfichia makosa, halikasiriki, halina njaa, halitamani saa ya kutoka. Ni kweli tupu. Nami naongeza kwamba ni heri mtu aondolewe kwenye mateso ya kukodolea chuma chenye moto na kelele. Nani angependa mwanawe apofuke kwa kazi ambayo kioo na waya vyaweza kuifanya vizuri zaidi? Anayeililia kazi ile, aghalabu hakuifanya.

Lakini umtazame yule mkaguzi wa zamani amekwenda wapi. Ikiwa amebahatika, ameketishwa mbele ya skrini kutazama yale ambayo mtambo umeyatazama. Siku nyingi mtambo wasema kweli, naye huzoea kuamini. Ustadi wake, usiotumiwa, hufa ganzi. Kisha siku moja hutokea ila ya namna mpya, pengine kwa sababu chuma kimebadilishwa mchanganyiko au rola imewekwa upya. Mtambo uliofundishwa aina 6 haujui kusema "sijui" isipokuwa umefundishwa kusema hivyo. Ya saba utaipa jina la mojawapo ya zile sita, au utaiachia ipite kama uso safi. Ya saba haionwi ila na mtu aliyezoea kuona. Na mtu huyo tumemwambia apumzike.

Na hata pale ambapo kipimo kimesema kweli bila shaka yoyote, bado ipo safari kutoka katika kipimo hadi katika cheti. Katika kiwanda kimoja cha kumimina chuma mjini Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, yalifanywa majaribio ya nguvu za chuma kilichokusudiwa kwa nyambizi za jeshi la nchi ile. Mashine za majaribio zilifanya kazi yake. Ila msimamizi wa mambo ya chuma, mtaalamu aliyesoma na kuheshimiwa, alibadilisha matokeo ya chuma kilichoshindwa yakaonekana ya kufaulu. Akafanya hivyo tangu mwaka 1985 hata mwaka 2017, katika mimimino zaidi ya 200. Jaribio mojawapo lilitakiwa kufanywa katika baridi ya nyuzi 73 chini ya sifuri, naye aliliona kuwa ni sharti la kipumbavu. Yafikiri hayo vizuri, msomaji. Hakujiona mwizi. Alijiona mjuzi kuliko sharti. Akahukumu moyoni mwake kwamba ahadi iliyotolewa haikuwa na maana, akaivunja bila kumwambia aliyeahidiwa. Mwaka 2022 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu, na jeshi lilikuwa limekwisha kutumia mamilioni ya dola kuzihakiki nyambizi zake. Aliyegundua siri hiyo hakuwa kamera. Ni mfanyakazi aliyekuwa akiandaliwa kushika nafasi yake, ambaye alitazama kumbukumbu za majaribio akaona zina walakini. Mwaka ule ule wa 2017, huko Japani, kampuni ya Kobe Steel ilikiri kwamba takwimu za ubora wa bidhaa zake zilikuwa zimebadilishwa kabla ya kufika kwa wateja, na wateja hao walikuwa mamia. Huko nako vipimo havikusema uongo. Viliandikiwa uongo.

Nisikuache ukidhani kwamba nawanyoshea kidole watu wa mbali tu. Nilipokuwa na umri wa miaka 22 nilipewa kazi ya ukarani wa kupokea vifaa katika ujenzi wa shule moja ya kijijini. Jioni moja lori lilileta mabati 80 katika mafungu manne. Mvua ilikuwa imelinyeshea njia nzima. Fundi mkuu, mzee aliyejua kazi yake, aliniambia, "Mwanangu, fungua mafungu ya chini uyatazame. Bati likilowa huku limelaliana na mwenziwe hushikwa na unga mweupe, na zinki ikiisha kuliwa, kutu haina mwiko." Nikamjibu, "Mzee, haya ya juu yang'aa kama kioo. Giza laingia, na dereva ana haraka." Nikatia sahihi yangu chini ya maneno haya: yamepokewa yakiwa mazima.

Macho yangu yalikuwa mazuri siku zile kuliko yalivyo leo. Kamera yoyote ingelikuwapo pale, ingelipiga picha ya yale yale niliyoyaona mimi, yaani bati la juu.

Yalipofunguliwa, mafungu mawili ya chini yalikuwa yamepigwa na unga ule. Karatasi ilikwisha kutiwa sahihi, na lori lilikwisha kwenda. Muhula ulikuwa karibu kuanza, fedha hazikuwapo, na mabati yale yalipigwa juu ya darasa la pili, ambalo wanafunzi wake walikuwa wadogo mno kuuliza. Miaka mingi baadaye nilipita kijijini pale wakati wa masika. Mwalimu kijana, asiyenijua, alinikaribisha kwa heshima akanitembeza. Katika darasa la pili madawati yalikuwa yamesukumwa kando mwa kuta, watoto wamekaa wakibanana, na katikati ya chumba palikuwa na ndoo mbili zikikinga maji. Mwalimu akasema kwamba ndivyo alivyolikuta darasa alipohamia, na kwamba watoto wamezoea.

Nilimwuliza kama daftari la mapokezi ya vifaa vya ujenzi lingalipo. Akasema limo kabatini ofisini, akaniuliza nalitakia nini.